Kosa la Chapa

Babu alizaliwa Mwewa.
Mpanga herufi wa Kamalondo, siku moja ya mvua,
akaisimamisha W ya risasi kichwa chini,
na orodha ya watu wa tanuru ikatoka hivi:
MWEMA ILUNGA, nambari 4417.

Alirudi dirishani. Karani hakuinua uso:
"Imekwisha kupigwa. Karatasi mia sita."

Basi. Akaliitikia siku ya mshahara,
akaliitikia kwenye foleni ya posho,
na mtu anayeitwa Mwema kila alfajiri
getini, kwa sauti, mbele ya wenzake,
jioni mkono wake husita kidogo.
Ndivyo alivyosema bibi,
aliyeolewa na Mwewa, akazeeka na Mwema.

Mimi hufuta maneno arobaini kwa siku
kwa dole gumba. Hata tusi halinidai.
Juzi nilikosea jina langu mwenyewe,
nikalirekebisha; hakuna aliyejua,
na kesho nitakuwa nimesahau.

Ile karatasi imo kwenye bati la biskuti,
mikunjo imeanza kuachana.
Ipapase kwa nyuma, taratibu:
W iliyopinduka bado inasukuma kidole.