Viganja Kumi na Kimoja

Goti langu la kushoto lilistaafu kabla yangu.
Ndiyo maana Jumamosi, saa tatu kasorobo,
nasimama kwenye kona ya daraja la mbao
na kizibao cha rangi ya chungwa kisichonitosha,
kamera nimeivika mfuko wa mkate,
kwa sababu mvua ya bonde hili haibishi hodi:
yenyewe ni mwenyeji, wageni ni sisi.

Ng'ambo kuna kilima ambacho si kilima,
ni kifusi cha mgodi kilichoota nyasi.
Babu yake Gethin alikitoa ardhini, toroli kwa toroli;
Gethin hukipanda akikitukana kwa Kiwelisi,
nami namngoja akishuka,
maana uso uliokwisha kutukana
hauhitaji kuambiwa utabasamu.

Filimbi. Nasikia kabla ya kuona:
miguu mia mbili na ushei juu ya mbao,
mvua nyingine chini ya mvua.

Wa kwanza ni wale vijana wembamba,
mguu niponye, hawana habari na mimi;
naambulia visigino na tope.
Halafu Macsen, miaka tisa,
ambaye hajawahi kugusa ardhi katika picha yangu hata moja.
Akiniona tu, anaruka.
Halafu Eluned na kigari cha mapacha,
mmoja amelala, mwingine anakula kiatu.
Halafu Tegwyn, aliyekuwa tarishi wa posta,
anayekimbia kama bado anafukuzwa
na mbwa wa Mtaa wa Kanisa.

Halafu Nerys.

Nerys hupita na kiganja mbele ya uso.
Si kwa hasira. Kama mtu anayekinga jua,
hapa, ambapo jua ni uvumi.
Ninavyo viganja vyake kumi na kimoja.
Kovu la oveni chini ya kidole gumba.
Pete, mwezi wa Februari.
Alama ya pete, mwezi wa Machi.
Mara moja, namba ya fundi bomba kwa wino wa buluu.
Jioni mezani nachambua picha mia tatu,
nafuta waliofumba macho, waliochuruzika kamasi,
(ni watu wangu, na mtu hawaaibishi wake)
lakini viganja sivitundiki popote, wala sivifuti.

Jumamosi ya kumi na mbili
alitokea kwenye kona mikono ikikata hewa,
uso wazi, mwekundu, umelowa,
ananitazama mimi, si lenzi,
kana kwamba anasema: haya, chukua upesi.
Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.
Akapita.

Tone moja.
Tone moja la mvua lilikaa katikati ya kioo,
na kila kitu kinaonekana:
misumari ya daraja, kamba za viatu,
hata miiba ya ua ule wa nyuma.
Kila kitu ila uso,
ambao umekuwa duara la mwanga lenye nywele.

Nilimfuata kwenye kibanda cha chai.
Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima,
yote yakanitoroka, nikamwonyesha tu.
Akaangalia, kikombe kikifuka mvuke,
akaangalia tena,
akacheka mpaka akashika ubavu.
"Kumbe mvua nayo imenikingia kiganja," akasema.
"Nitumie hiyo hiyo."

Wiki hii nilikuja na vitambaa vitatu vikavu.
Nilifuta lenzi kama mtu anayefuta pua ya mtoto,
nikafuta tena,
nikalenga pale pale kwenye ubao wa nne
ambapo kila mtu hunyanyua mguu zaidi
kwa sababu Tegwyn alianguka hapo mwaka juzi.

Akaja. Kiganja juu.
Lakini pembeni, usawa wa bega,
kikipunga.
Nami, mpumbavu mwenye kizibao,
nikaiacha kamera ining'inie shingoni
nikampungia.

Macsen, mzunguko wake wa pili,
alikuwa nyuma yake hewani,
mikono na miguu imetawanyika kama nyota,
na hajanisamehe.