Kiti Kimoja

Jimbo letu lina kiti kimoja.
Wenzetu wa magharibi wana viti hamsini na ushei;
sisi kimoja, na anayekikalia
tunajua deni lake la dizeli
na mbwa wake aliyemng'ata mtu wa posta.

Mwaka huu waligombea wawili:
Bi. Hathaway, mwanasheria, mabango ya kijani,
na Bwana Corliss wa kiwanda cha mbao, mabango mekundu.
Oktoba nzima mabango yalitazamana kando ya barabara
kama majogoo waliochoka,
hadi theluji ya kwanza ikayafunika yote
bila upendeleo.

Mimi ni karani wa mji, mwaka wa thelathini na moja.
Sanduku letu la mbao lilichongwa
na seremala aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa.
Lina mkono wa kuzungusha, na kengele:
kri, kila linapomeza.

Saa moja usiku tunafunga mlango.
Tunamwaga kura juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua
ambacho juzi kilipakuliwa maharagwe.
Tuko wanne: Odile, Thurston mfuga nyuki,
binti wa Lamoureux anayesomea uuguzi, na mimi.
Jiko la kuni linakohoa.
Viatu vyetu vimeacha vidimbwi mlangoni.

Sheria inasema kura ni siri.
Sheria waliitunga watu wa mijini.
Mimi nawajua kwa mikono yao:
aliyekandamiza duara hadi karatasi ikatoboka, huyo ni Merle,
hata leseni ya mbwa huijaza hivyo;
duara lenye mkia ni la mwalimu mstaafu;
na hili lililotetemeka,
mwenyewe daktari alimwambia jambo wiki iliyopita
naye bado hajamwambia mkewe.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nami ndiye kata. Nachota, nanyamaza.

Kijani. Nyekundu. Kijani. Kijani.
Thurston anachora vijiti, vinne wima,
cha tano kinalala juu yao
kama kamba ya mzigo wa kuni.

Karatasi ya mia moja themanini na nane
haina duara lililojazwa.
Chini, penye mstari mtupu,
mtu ameandika kwa kalamu ya risasi:
Royce Pelkey.

Royce alikufa Februari.
Tulimlaza katika chumba cha mawe, makaburini,
tukangoja hadi Mei ardhi ilipokubali sepetu.
Miaka arobaini aliondoa theluji kwenye barabara zetu
kabla hakujapambazuka,
na hakuwahi kugombea hata uhazini wa kanisa.

Binti alicheka kidogo.
"Mzaha," akasema Thurston.
Mimi niliitazama ile P.
Tumbo lake halifungi; ni nyumba isiyo na mlango.
Naifahamu. Imo katika majalada ya ardhi,
mwaka wa tisini na tisa, kesi ya uzio,
futi nne za mawe na magugu,
Pelkey dhidi ya Pelkey.

Alden. Mdogo wake.
Tangu uzio ule hawakupeana hata salamu.
Siku ya mazishi alibaki garini,
injini ikinguruma, vioo vimepanda.

"Imeharibika?" akauliza binti.
"Halali," nikasema. "Iandike."
Jina. Kisha moja.

Saa nne redio ikamtaja mshindi.
Odile alikuwa anafuta meza,
mimi nayeyusha lakiri,
na hakuna aliyeongeza sauti.

Alhamisi Alden alikuja kulipa kodi ya shamba.
Alivua kofia, akaikunjakunja.
Aliuliza sakafu, si mimi:
"Zile kura. Mlizihesabu zote?"
"Zote," nikamwambia.

Akaandika hundi, polepole,
akatia sahihi.
Ile P, wazi kama kawaida,
baridi inaingia, inatoka.