Uchachu wa Bega

Maswali yalifika Chongqing na adabu ya ugenini:
ishirini, kwenye karatasi mbili,
kila moja na visanduku vyake vitupu
kama meza za mkahawa kabla ya kufunguliwa.

Shen Ruolan aliyatafsiri usiku, peke yake.
Ghorofa moja chini, Tan Yihe naye akayatafsiri.
Walikatazwa kuchunguliana.
Walipokutana waligombania neno moja
tangu chai ya saa mbili hadi mvua ya saa kumi.

Neno lenyewe: maumivu.

Katika lugha ninayoandikia haya, maumivu yana meno.
Jino huuma, bega huuma, hata usemi huuma.
Kule yana ladha.
Bega huwa chachu,
chachu kama siki iliyosahauliwa nyuma ya kabati,
na mgonjwa akisema hivyo hakuna anayecheka.

Yihe alitaka neno la hospitali, safi, lisilo na harufu.
Ruolan akasema: mama yangu hajawahi kuumwa kwa neno hilo.

Wakaandika chachu.
Karatasi ikapelekwa kwa mtu wa tatu, asiyeiona ile ya asili,
airudishe ilikotoka.
Akairudisha hivi: *Je, bega lako limechacha?*
Kamati ilicheka mpaka mzee Fu akashika ubavu.
Kisha wakaanza upya.

Swali la kumi na moja liliuliza habari za mpira.
Pu Changgen, miaka hamsini na minane,
thelathini na mmoja kati ya hiyo akiwa na mwanzi begani,
aliyepandisha friji, magunia ya pilipili, jeneza moja,
kutoka gatini hadi mjini, ngazi mia tatu na ushee:
unaweza kurusha mpira kupita kichwa?

"Mpira wa nani?"

Wakafuta mpira.
Wakaandika kuanika nguo kwenye ufito wa roshani.

Kufunga sidiria kwa nyuma:
Bi Ouyang, mpika tambi, akatazama dirisha.
Majirani wanaliita bega la hamsini,
naye ana arobaini na sita.
Akasubiri Yihe atoke, mlango ufungwe.
"Hunifungia binti yangu. Miezi saba.
Huwa ana haraka ya kazi, hunibana na ngozi."
Kwenye karatasi hapakuwa na kisanduku cha ngozi.

Kutoka sifuri hadi kumi, Changgen alizungushia tatu.
Alikuwa ametumia dakika nzima kuvua koti,
jasho likimtoka kwenye masikio.
Tatu? aliuliza Ruolan.
"Kumi naiweka akiba."

Baada ya siku kumi na nne wakaitwa tena,
majibu ya kwanza yamefungiwa kabatini.
Changgen: tatu.
Ouyang: nane, kama mwanzo.
Watu mia moja na kumi na wawili,
na nambari zikalala juu ya nambari
kama bati juu ya bati.
Kompyuta ikatema sifuri nukta tisa tatu.
Yihe akanunua machungwa. Kamati ikapiga makofi.
Dodoso limethibitika:
ukiliuliza mara mbili halibadili kauli.

Ruolan alimenya chungwa lake taratibu,
ganda likatoka utepe mmoja mrefu.
Ili dodoso lisifiwe
ilibidi mabega yasipone.
Wiki mbili watu wamepanda, wamekanda unga, wameanika,
wamelalia upande ule ule mmoja,
na nafuu haikusogea hata kisanduku.

Akarudi kwenye karatasi za Changgen,
chini kabisa, pale pa *Je, una lolote la kuongeza?*
ambapo wengi huacha wazi au huandika asante.
Mwandiko ulikuwa umeinama, kama unapanda mlima:

*Mkiniita mara ya tatu, niiteni asubuhi.
Jioni kalamu hainishikiki.*