Pembetatu Mbili

Mchana nasafisha meno ya watu kule Al Khodh.
Usiku, baada ya Isha, joto likishuka hadi thelathini na nane,
nashika vifaa vilevile, kioo kidogo na sindano ya kukwangulia,
naingia karakana ya uani, Maabela,
kutoa masizi kwenye mifuo ya Mazda ya baba.

Halina pistoni. Wageni hawaamini.
Tumboni mwake zimo pembetatu mbili za chuma,
mashavu yamevimba kidogo, zinazunguka
kama mtu anayegeuka kitandani asipate ubavu wa kulalia.
Kila ncha ina ufito mwembamba kuliko ukucha;
ufito ukiliwa, pumzi inavuja,
na gari linakuwa kabati la kahawia, paka wanazalia chini yake.
Lilikaa hivyo miaka kumi na tisa.

Jua la huku halina huruma na mpira.
Mabomba ya maji yalikuwa kashata, ukiyabana yanakatika.
Dashibodi imepasuka toka spika hadi spika,
ufa una matawi kama wadi kwenye ramani.
Kaka yangu Muadhi alisema, "Uza.
Kuna kijana Sharjah atalichukua hivyohivyo."
Kipya kinyemi, akaongeza, akiegemea gari lake
ambalo hata tundu la ufunguo halina.
Sikumjibu. Nilikuwa chali chini ya gia,
nati imenidondokea shingoni, naisaka kwa vidole.

Baba ana daftari. Alilianza mwaka themanini na nne,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
ili mafundi wa Wadi Kabir wasijue anawahesabia.
*Oili, nusu lita. Plagi nne. Fundi mwongo.*
*Leo Nizwa na kurudi. Mama Zayana katapika Izki.*
(Huko kutapika ni mimi.)
*Oili, nusu lita.*
Kila ukurasa, oili. Utotoni nilidhani gari linaumwa.
Kumbe limeundwa hivyo: lina pampu yake ndogo,
kazi yake kudondosha mafuta ndani, makusudi, yaungue,
la sivyo fito zingezitafuna kuta.

Kuta alizipima Lal Zaman, fundi wa kuchonga,
akapitisha kidole kama anayetafuta vumbi juu ya kabati la mkwewe.
Arobaini, alisema. Riyali.
Aliposikia mwenyewe ni mzee, akarudisha tano,
tatu za mzee, mbili kwa sababu, alisema,
hajaona mwanamke akija na kuta zimeoshwa.

Jana nikatoa plagi, nikamletea baba kiti.
Macho yake yana ukungu. Daktari ana jina lake;
yeye anasema ni vumbi la Barka.
Nikazungusha injini bila moto.
Puf, puf, puf. Puf, puf, puf.
Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili.
"Rota ya mbele," akasema. "Wa tatu analegea."
Nikaleta geji. Geji nayo ikasema hivyo.
Wiki sita, baba. Wiki sita mgongo wangu umekuwa upinde.
"Tulifungue tena?"
"Goti langu la kushoto linalegea mwaka wa nne huu,
mbona hunifungui?"

Nikarudisha plagi.
Likakohoa, likazima, likakohoa, likashika.
Moshi mweupe ukapanda ukutani hadi kwa jirani,
Bi Shamsa akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena.
Baba hakusema kitu. Kiganja chake kilikuwa juu ya boneti,
kimetulia, kama anayempima mtoto homa.

Kisha nikavuta swichi ya taa.
Jicho la kulia likainuka palepale.
La kushoto likasita, likapanda nusu, likabaki hapo,
na mota yake nimeisafisha mara mbili kwa mkono wangu.
"Yameamka?" akauliza.
"Moja."
"Ah, hilo jingine lilikuwa hivyo tangu dukani."

Nimepekua daftari lote, mwanzo hadi mwisho.
Hakuandika popote.