Kizingiti cha Nyuma

Fundi Lutengano kashika karai la saruji.
"Mwalimu, hili shimo la kizingiti tulizibe?"

Nimestaafu zamani, lakini kamati imenituma
nisimamie ukarabati, kwa kuwa naikumbuka nyumba.
Nimemwambia: subiri.

Si shimo. Ni miguu ya baba.

Shule hii ilijengwa kwa ajili ya watoto thelathini na wawili,
wa walima pareto na wachimba dhahabu wa Chunya,
weupe wote. Kila mmoja na ndoano yake ya koti,
namba ya shaba juu yake.
Wahindi walikuwa na shule yao kule madukani.
Sisi tulikuwa na banda la udongo, likaishia darasa la nne.

Baba, Anyosisye, aliingia humu miaka kumi na minne,
kabla jogoo hajawika, kuni za mkaratusi begani,
peku, kwa mlango huu wa maboi,
kuwasha dohani
ili wenye makoti wasiamshwe na baridi ya Juni,
ile inayoshuka Loleza kama mtu anayedai deni.
Vyumba vyote alivijua.
Hakuna alimokaa.
Akizoa majivu alisoma ubao wa jana kwa jicho la pembeni,
na jioni akatuandikia sakafuni kwa kipande cha mkaa:
saba mara nane. Saba mara tisa.
Mama alifuta asubuhi, akinung'unika.

Mwaka wa sitini na mbili wakafungua milango.
Nikapewa ndoano namba kumi na tisa.
Koti sikuwa nalo. Nikatundika sweta la dada,
mkono mmoja umefumuka,
nikaliangalia kipindi kizima.

Siku ya wazazi baba aliazima viatu.
Akaupita mlango wa mbele, akaizunguka nyumba yote,
akaingilia huku.
"Kule mbele sikuzoea," akasema,
kisha akainama kwenye dohani, akachungulia:
"Nani anaisafisha siku hizi? Hajui kazi."

Kizingiti cha mbele bado kina kona kali,
kama kimechongwa juzi.
Hiki kimebonyea kama kijiko;
mvua ikipita, shomoro hunywa humo.

"Watoto watajikwaa, Mwalimu."
"Basi wajikwae."

Ameniangalia, ameangalia karai.
Saruji inaanza kushika.
Ameipeleka chooni, kuna ufa.