Kanuni ya Nne

Kwenye ubao wa matangazo, chuoni Chake Chake,
karatasi moja, pini mbili, upepo unaisoma kabla yangu:
*Mwenye cheti kilichopindukia miaka kumi
atafanya kwanza jaribio la kupimwa kiwango.*

Changu kina miaka thelathini na mitatu.
Kimelala chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni,
kinanuka vidonge vya mende.
Nikamuuliza karani: hata sisi?
Akajibu bila ya kuinua uso: "Hasa nyinyi."

Mimi Mize binti Faki, wa Wete.
Miaka ishirini na sita napima watoto wa watu.
Kila Jumanne mizani imetundikwa kwenye boriti,
suruali ya turubai, vijiguu viwili vinachungulia chini,
mama anasema bismillahi, mimi nasema namba.
Sikuandika pungufu kumtisha mtu,
wala sikuzidisha kumfurahisha.
Nukta ikiangukia kwenye kijivu, nilisema kijivu.

Leo zamu yangu kuning'inia.

Kanuni ya kwanza: kitambulisho. Ninacho,
picha ya mtu mwingine, mwenye meno yote.
Ya pili: saa mbili kamili. Nilifika kumi na mbili na nusu,
nikakaa kibarazani na chupa ya chai na paka wa chuo.
Ya tatu: *mwenye mtoto anayenyonya ataongezewa muda.*
Hiyo nikaisoma mara mbili.
Mwaka ule nilipochaguliwa, Rukia yuko kifuani,
ilikuwepo kanuni moja tu: rudi nyumbani.

Ya nne mnaijua.

Kompyuta kumi na mbili, tatu haziwaki.
Kushoto kwangu Mzee Shoka, fundi wa majenereta,
miwani yake imefungwa kwa uzi wa mshipi.
Kulia msichana, kaingia kwa makosa.
Wakamtoa: "Wewe cheti chako bado kibichi."
Tukacheka, sisi tulioiva.

Msimamizi ni kijana.
Nilimjua kwa kile kitundu juu ya sikio la kulia:
Haroub wa Zuwena. Kilo moja na robo tatu, masika,
njia yote tope. Wiki sita nikimfuata kwao kwa miguu,
daftari nimelifutika ndani ya kanga.
"Hairuhusiwi kuzungumza," akasema.
Basi sikuzungumza.

Kipanya kilinitaabisha robo saa nzima,
nakivuta huku, mshale unakwenda kule,
kama ng'ombe wa kuazima.
Kisha swali la kumi na moja:
*Mtoto alikuwa na kilo nne. Sasa ana kilo tano.
Ameongezeka kwa asilimia ngapi?*

Nikakwama hapo, na si kwa kutojua.
Nilitaka kuuliza: kwa miezi mingapi?
Ananyonya vizuri? Aliharisha?
Nyumbani nani anapika?
Hapana pa kuulizia.
Nikabonyeza ishirini na tano.

Kiingereza ndicho kilichonibwaga.
Mna vineno vidogo mle, mkononi havina uzito,
lakini ukikiacha kimoja wanakukata maksi
kana kwamba umeangusha mtoto.

Mashine ikatema karatasi, bado ina joto.
*Hesabu: anaendelea.
Kiingereza: darasa la matayarisho, wiki kumi na mbili.*
Mzee Shoka yake kinyume na yangu.
Tukasimama mlangoni tukibadilishana karatasi
kama watoto wa skuli wanaobadilishana maembe,
kila mmoja akilionea choyo la mwenzake.

Nishafika getini nikasikia: "Bi Mize! Chupa yako ya chai!"
Jina kalisoma kwenye orodha, au kalipata kwa mama yake,
sikuuliza.
Alikuja mbio, juani, shati limemjaa mabegani.
Nikamkadiria kwa jicho:
kilo sabini, pengine na mbili.

Kijani.