Pindo

Kila Desemba nilimshonea mama gauni la Krismasi,
na kila Desemba gauni la mwaka jana lilimzidi.
Nikasema kitenge kimelegea.
Nikasema fundi aliyekata, yaani mimi, alikuwa na haraka,
wateja wamejaa barazani, Kiusa yote inataka nguo
kabla ya tarehe ishirini na nne.
Nikapandisha pindo inchi moja.
Mwaka uliofuata, nusu.
Kisha mgongo ukaanza kuvuta kitambaa nyuma,
mbele kikaning'inia hadi kwenye viatu,
nami nikakata mbele zaidi kuliko nyuma
ili kanisani wasione.
Fundi mzuri hujua kuficha.

Alianguka masika, kule Kibosho, mlangoni pa zizi.
Si bondeni, si kwenye mfereji.
Ndoo mkononi, udongo umelowa, hatua moja.
Tulisema ameanguka akavunjika nyonga.
Daktari akasema huenda nyonga ilitangulia kuvunjika
ndipo akaanguka.
Nililala na sentensi hiyo miezi mingi.

Gauni lake la mwisho sikulipunguza.
Nilifungua daftari la mwaka tisini na mbili,
nikakata kwa vipimo vile,
likamfunika hadi vidole vya miguu.

Mimi, damu yangu iliaga nikiwa na arobaini na nane,
kimya, kama mpangaji anayehama usiku
na kuacha ufunguo chini ya mkeka.
Nilifurahi. Nani analilia vitambaa na maumivu ya kiuno?
Sikujua kwamba anarudi kila usiku
kuchukua kidogo kidogo:
chokaa ya ukutani, msumari, kipande cha boriti.

Ni Elisante, mjukuu, aliyegundua.
Tunawapima watoto kwenye fremu ya mlango wa jikoni,
alama za penseli, mwaka na jina.
Akataka bibi naye apimwe.
Juu ya kichwa changu palikuwa na alama yangu ya zamani,
vidole vitatu vya hewa katikati.
Akatazama alama, akanitazama.
"Bibi, nani amekukunja pindo?"

Hospitalini, binti mmoja wa Upareni, Nakijwa,
akaniambia: simama mguu mmoja.
Nikacheka. Nikasimama.
Moja, mbili, ta...
nikashika ukuta kama mlevi wa mbege.
Miaka thelathini na mbili miguu hii imekanyaga cherehani,
imetembea labda hadi Misri na kurudi,
na mwenyewe nimekaa!
"Mfupa usiobebeshwa kitu," alisema,
"hudhani kazi imeisha."

Basi nimekunja kapeti la sebuleni, zawadi ya Haikaeli,
naye amenuna kidogo.
Malapa yaliyolika visigino nimeyatupa.
Dagaa nakula na vichwa vyao.
Na alfajiri, maziwa yakiwa jikoni,
nasimama nyuma ya kiti, nainua mguu.

Mama Ndetaramo wa jirani alinichungulia dirishani.
"Shoga, umepatwa na nini?"
Nikamweleza. Akasonya.
Juzi nimemkuta uani kwake, kanga imefungwa kiunoni,
mguu mmoja juu, mikono imetanuliwa,
kama korongo aliyepotea njia ya bwawani.
Hatukusemeshana. Mtu akihesabu hasemeshwi.

Sitasema nimepona; hili si homa.
Kile alichobeba mpangaji hakirudi chote.
Usiku bado nawasha taa kabla ya kushusha mguu kitandani,
na mvua ikinyesha Kibosho naisikia nyongani.

Lakini leo Kibo imetoka wazi, nyeupe juu ya paa la msikiti,
na kabla wingu halijaifunika
nimefika tisa.
Kumi.
Kidole kinagusa kiti, kinaondoka.
Maziwa yanapanda.
Kumi na moja.
Yamwagike.